Tope la Siku Tatu

Mvua ikikatika ghafla na jua likatoka kali, tope lililorukia gari huanza kukauka, na likikauka juu ya bati la moto hutoa harufu yake. Si ile harufu ya ardhi iliyolowa ambayo watu huisifu. Hii ni nzito, ina chuma ndani yake. Jirani yangu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, ana gari, na wakati wa mvua akirudi kutoka Fizi, huko milimani, huliegesha kando ya uzio wetu likiwa limechafuka hadi madirishani. Mimi hufunga dirisha. Mwanangu huniuliza kama nina mafua, nami humjibu ndiyo, nina mafua.

Baba yangu aliuza ndagala na mawese. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliwapata kwa wavuvi wa hapa na wa Kazimia, mawese aliyafuata Lubondja, na kwa miaka mingi aliyasafirisha kwa malori ya watu wengine, akikaa juu ya madumu huku mvua inamnyeshea. Basi alipopata gari lake mwenyewe, pikapu mpya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikalia, alilishika kama mtu anavyoshika mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufa. Lilivuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya boti ya mbao, limevishwa magodoro na mikeka, kamba juu ya kamba, hata vioo vya pembeni vimefungwa vitambaa. Watu waliojaa ufukweni kulipokea hawakuona gari. Waliona kitanda kikubwa.

“Papa, ulituletea gari ao mugonjwa?” mama mmoja muuza samaki akauliza, na wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Baba hakuwasikia. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, akiwapigia kelele vijana walioliteremsha juu ya mbao: polepole, muvue mikanda, muvue na saa, musiiguse na chuma! Lilipofika nchi kavu akafungua kamba moja moja, godoro moja moja, na mle ndani mkatoka rangi ya buluu iliyokolea, inayong’aa kiasi kwamba ukiinama uliona uso wako na mawingu nyuma ya kichwa chako. Kicheko kikaisha. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nakumbuka niliona haya kidogo, kana kwamba tumepewa kitu kisicho chetu.

Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na sheria. Hakuna kuegemea gari. Mbuzi wasipite upande ule. Abiria mwenye jembe alifunge kwa majani ya mgomba kabla ya kulipandisha. Wanawake waliopewa lifti kwenda sokoni walivua bangili kwanza, na wengine walivua kwa mbwembwe, wakizipunga hewani ili baba azione. Upepo wa ziwa ukianza kurusha mchanga, mama aliacha chungu jikoni akakimbia kumsaidia baba kufunika: kwanza shuka kuukuu, halafu blanketi, halafu mikeka. Majirani walimtania kwamba gari linalala kwenye joto kuliko watoto wake. Walikuwa hawakosei sana. Blanketi lile lilikuwa langu.

Lakini sikuona wivu, kwa sababu kazi ya kuliosha alinipa mimi. Nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama, na alinifundisha kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa mtu mwingine yeyote.

“Unaanza ku kichwa, mama. Juu, kisha uso, kisha mbavu. Miguu, ni kusema mapira ya gari, ni ya mwisho, sawa vile tunatawadha. Ukianza na miguu, ule muchanga ya ku mapira utaipandisha ku rangi, na muchanga ni meno.”

Alinionyesha kumwaga maji kwanza bila kugusa, mchanga ushuke wenyewe. Alinionyesha kitambaa cha kutumia, kanga ya mama iliyofuliwa hadi ikawa laini. Sabuni yetu ya mawese aliikataza, akasema ni kali. Kinyesi cha kuku kisikauke. Na kuhusu tope alikuwa na neno moja alilolirudia kila tulipotoka barabarani, huku akinitazama usoni ahakikishe limeingia:

“Udongo ikilala siku tatu, inakula rangi. Ya nne haitatoka tena, hata ulie.”

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Baba alikuwa anajua ndagala walioharibika kwa kuwashika tu. Kama alisema siku tatu, ni siku tatu. Nikawa nahesabu hata tope la kwenye baiskeli za watu.

Vita vilikuja kwanza kama maneno ya watu wazima yanayokatika mtoto akiingia. Kisha kama wageni, jamaa walioshuka kutoka juu milimani na mafurushi, wakalala kwetu, wakaendelea na safari kuelekea ziwani. Kisha milio, mbali. Shule ikafungwa bila mtu kututangazia. Walimu hawakuja, basi. Neno moja nililisikia mara nyingi, nalo ni kwamba wenye magari wanaanza kutafutwa. Sikulielewa. Nilidhani wanatafutwa ili wapewe abiria.

Asubuhi moja baba alitoka na jembe na ndoo, akaenda pale tulipofyatulia matofali, akarudi na udongo mwekundu. Akamwaga maji, akaukanda kwa miguu. Akaongeza majivu ya jikoni na masizi aliyoyakwangua kwenye sufuria. Mimi na mama tulisimama tukimtazama. Halafu akachota kwa mikono yote miwili, akapaka mlango wa gari.

Nilipiga ukelele. Sikujizuia.

“Paka,” akaniambia. “We paka chini, mi nitapaka juu. Usiulize.”

Nikapaka. Mikono yangu, ambayo alikuwa ameifundisha kutogusa rangi kabla ya maji kupita, niliizamisha kwenye tope nikalisugulia gari lile huku nalia kimyakimya. Akafungua magurudumu yote manne, akaliinua juu ya mawe, akayaficha magurudumu katikati ya mihogo. Betri ikaenda chini ya kitanda cha mama, nyuma ya sufuria. Kuku wakatiwa nyuma, na nyasi na mtetea aliyekuwa analalia mayai. Mwisho akaokota jiwe lenye ncha. Alisimama nalo mbele ya gari kwa muda mrefu. Mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda. Kisha akalirudisha jiwe chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Ninalifikiria jiwe lile kuliko ninavyofikiria bunduki. Kama angelikwaruza. Mikwaruzo mitano tu, mirefu, ile isiyooshwa na maji. Lakini hakuweza, na mimi simlaumu, maana hata mimi nisingeweza. Tulikuwa tumeshafundishana vizuri mno.

Hakuna aliyenieleza. Nilimsikia mama akimuuliza kama waniambie, na baba akajibu, “Hapana. Batoto banasemaka.” Alikuwa na sababu: watoto huulizwa, na watoto hujibu. Basi nikabaki na akili yangu ya miaka tisa nitafute maana peke yangu, nayo ikapata maana iliyonyooka kabisa. Baba alikuwa amelifunika gari kwa shuka, kwa blanketi na kwa mikeka. Sasa shida imekuwa kubwa, amelifunika kwa tope. Ni kifuniko kingine tu. Na kama kifuniko kingine chochote, kuna wakati wa kukiondoa.

Siku ya pili wakaja wanajeshi watatu. Wa upande gani, hata leo sijui, na wakati ule hakuna aliyeuliza. Walikuwa wamechoka, mmoja anachechemea. Wakalizunguka gari. Mmoja akachungulia nyuma, mtetea akamdonoa, wenzake wakaangua kicheko.

“Iyi ni gari ao nyumba ya kuku?”

“Ilikufa, chef,” baba akasema, akimpa cheo cha mkubwa. “Zamani sana. Ni kuku tu banalalaka mule.”

Na akacheka nao. Baba yangu, mtu aliyewafanya watu wavue saa kabla ya kuligusa, alicheka gari lake likitukanwa, ameinamisha kichwa, mikono nyuma kama mwanafunzi. Akawapa ndagala, wakaenda. Walipopotea njiani aliketi juu ya kinu kilicholala, akafuta uso, akamwambia mama kitu, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Leo najua niliona nini: niliona ujanja wa baba ukifaulu. Mtoto niliyekuwa sikuona hivyo. Niliona baba amechekwa nyumbani kwake na hana la kufanya. Niliona aibu usiku kucha.

Siku ya tatu alitoka mapema kwenda ufukweni kutafuta nafasi kwenye boti. Mama alikuwa ndani anafunga mafurushi, mdogo wangu mgongoni. Mimi nilisimama uani nikalitazama gari. Tope lilikuwa limekauka, limepasukapasuka, na jua lilipolipiga ikatoka ile harufu. Ilikuwa siku ya tatu. Nikamwonea baba huruma. Nikasema moyoni, amesahau. Ana mambo mengi, amesahau kuhesabu, na kesho itakuwa ya nne na haitatoka tena hata alie.

Nikawatoa kuku. Nikahamisha mtetea na mayai yake. Maji ya pipa hayakutosha, nikaenda mto Mutambala mara mbili na ndoo kichwani, mbio, kuna watu njiani wananiuliza unakimbilia wapi na mimi sijibu. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Maji kwanza bila kugusa, hadi lile tope likalainika likaanza kushuka lenyewe. Kichwa, uso, mbavu. Niliosha kwa kanga, nikaisuuza, nikaosha tena. Miguu haikuwepo, kwa hiyo nilimaliza upesi. Buluu ile ilitoka yote, haikuliwa hata sehemu moja, na nilipoinama nikajiona, uso umejaa matope, nacheka. Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile. Nasema hivi bila kutia chumvi. Niliketi kwenye kizingiti nikamngoja baba aje aone.

Alikuja anatembea haraka. Alipopita pembe ya nyumba akasimama. Hakunigombeza. Midomo yake ikawa myeupe, na akapiga magoti pale pale kwenye dimbwi nililolifanya, akaanza kuchota tope kwa mikono na kulirusha kwenye mlango. Lakini rangi ilikuwa imelowa, na tope lilikuwa maji matupu, likateleza na kushuka. Akachota tena. Likashuka tena.

“Papa, acha! Inakula rangi!”

“Leta udongo, mama,” akasema bila kugeuka. “Leta udongo mukavu. Mbio.”

Sauti yake haikuwa ya hasira, na ndiyo sababu sikuelewa haraka. Nilisimama. Nilipoanza kutembea kuelekea kwenye shimo la matofali, walikuwa wameshafika kwenye uzio. Hawakuwa wale wa jana. Hawa walikuwa wengi, na hawakuwa wamekuja kwetu, walikuwa wanapita tu. Wahenga walisema chema chajiuza, hawakusema kitajiuza kwa nani. Jua lilikuwa kwenye lile bati na liliwaita kutoka barabarani.

Mkubwa wao alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno. Alipitisha kidole juu ya boneti, akakitazama kidole, kilikuwa safi.

“Ni yako?”

“Ni yangu, chef. Lakini ilikufa.”

“Gari ya kufa, banaioshaka?”

Baba akaficha mikono nyuma.

“Nani alioshaka iyi gari?”

Ndoo ilikuwa mkononi mwangu. Gauni langu lilikuwa limelowa kuanzia kifuani hadi magotini. Yule mtu hakunitazama hata mara moja, mtoto wa kike ni kitu gani, lakini baba alinitazama, kisha akatazama chini.

“Ni miye, chef. Nilizoea.”

“Na ule udongo ku mikono, ni ya nini?”

Walimpiga kwa kitako cha bunduki, mara mbili, si kwa hasira, kama mtu anavyogonga mlango. Akaenda kuleta magurudumu kutoka kwenye mihogo. Betri aliileta mama, ameikumbatia, mdogo wangu bado yuko mgongoni. Baba alifunga gurudumu moja, akafunga la pili, na mimi nilikuwa nataka achelewe, na alikuwa fundi wa mambo hayo, hakuchelewa. Wakamwambia mwenye gari ndiye dereva. Kabla ya kufungua mlango alijipangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, asiuchafue. Nadhani hakujua kama amefanya hivyo. Wengine wakapanda nyuma, na kila bunduki iliyogonga ubavu wa gari niliisikia mwilini mwangu. Wakachukua njia ya Fizi, ile inayopanda.

Boti ilikuwa imepatikana, iondoke asubuhi iliyofuata. Mama alikataa kuondoka. Tulikaa siku mbili tukisikiliza kila injini, hadi risasi zilipofika upande wetu wa mji, tukatembea kwa miguu hadi Kazimia na kuvukia huko. Kambini kwa wakimbizi, ng’ambo ya ziwa, habari zilitufikia vipande vipande. Mtu aliliona gari Fizi, limejaa magunia, na dereva ni baba. Mtu aliliona Lubondja, limeungua. Mwingine aliapa kwamba dereva wakati huo alikuwa mtu mwingine kabisa, kijana. Hakuna aliyeleta mwili, wala shati. Masheikh wa kambini walimshauri mama kwamba baba aswaliwe swala ya maiti akiwa hayupo. Mama alikataa mwaka wa kwanza, akakataa wa pili, na wa tatu akakubali bila kueleza kilichobadilika. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Yangu hayakungoja hata jioni ile. Yalinijia nikiwa bado nimeshika ndoo.

Sikumwambia mtu. Niliolewa nayo, nikazaa nayo. Tuliporudi Baraka, nyumba ilikuwa imebaki kuta mbili, tukajenga upya pale pale, na bado sikusema. Kila mtu aliyeniambia maneno ya kufariji, Mungu ndiye anayejua, vita havina mwenyewe, alikuwa anamfariji mtu asiyemjua. Maneno niliyoyataka yalikuwa mengine na nilikuwa nayo tayari, nimeyatunga, nimeyapanga, nikingoja tu kinywa cha kuyasema: ulikuwa mtoto, ulifanya ulichofundishwa, wangelichukua hata hivyo, hukumuua wewe. Nilikuwa najiambia nikiwa peke yangu, lakini maneno hayo mtu hajiambii mwenyewe yakafaa.

Mwaka jana nikamwambia mama. Alikuwa ameketi uani anachagua mchele, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anachagua kwa vidole. Nilisema yote kwa mpigo mmoja: siku ya tatu, Mutambala, ndoo. Nikamaliza nikangoja. Vidole vyake viliendelea kidogo kwenye sinia, vikasimama.

“Nilikuona,” akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

“Nilikuwa ku mulango ya jikoni. Niliona ile bleu iko inatoka pole pole. Nilijua ju ya nini papa yako aliipaka, we haukujua, miye nilijua. Ningekuita, ungeacha. Haikuwa mbali, mutoto yangu. Ilikuwa tu kukuita.” Akapumua. “Lakini nilikuwa nimechoka. Ile uchafu, yale mafurushi, kila kitu tunaacha. Nikasema, acha aoshe. Nione ile rangi mara moya tu, kisha nitamwambia airudishie udongo. Nilisimama nikaiangalia. Ilikuwa muzuri.”

Kisha akainua uso kuelekea nilipokuwa, na akangoja. Nilijua anangoja nini. Hakuna mtu duniani aliyejua kuliko mimi. Nilikuwa nayo maneno yale yote, yamekomaa kwa miaka, ningeweza kuyasema usingizini: hukuwa wewe, mama, wangelichukua hata hivyo, hukumuua wewe. Nikafungua kinywa, na kilichonijaa kilikuwa hasira, nyeusi, nisiyoijua inatoka wapi. Ungeniita. Ilikuwa tu kuniita.

Nikachukua sinia mapajani mwake, nikasema mchele huu unatosha.

Analala chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu, nami namsikia anapogeuka kitandani. Hajalitaja tena jambo lile. Kila siku naamka nimeazimia kwamba leo nitamwambia maneno yale, na kila siku nampelekea chai, namuuliza kama amelala vizuri, naye ananijibu amelala.